Mapenzi ya washiriki yafichwe, hesabu za watafiti zianikwe

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa utafiti wa vyuo vikuu, wenyeviti wa kamati za maadili, wahariri wa majarida na wafadhili wa tafiti za mahusiano

YAH: DATA NA MSIMBO WA TAFITI ZA WATU WANAOTAFUTA WENZA

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni takwimu. Sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye majedwali yaliyokusanywa na wengine, nikijaribu kujua walifanya nini kabla ya kufikia namba walizochapisha. Miongoni mwa tafiti ninazozisoma sana ni zile zinazofuatilia jinsi watu wanavyotafutana: nani alivutiwa na nani, alisema anataka mtu wa aina gani, mwishowe akamchagua nani, na baada ya miezi kadhaa uhusiano ulifika wapi. Hizi ni tafiti zenye wasomaji wengi, kwa sababu kila mtu ana lake la kusema kuhusu mapenzi, na matokeo yake hufika magazetini kabla wataalamu hawajapata nafasi ya kuyachambua.

Ninawaandikia kwa sababu ya jibu moja ambalo nimelipokea mara nyingi, na ambalo nyinyi ndio mnaoliruhusu. Ukiomba data ya utafiti wa aina hii, unaambiwa samahani, hizi ni taarifa nyeti za watu. Sawa, hilo naliheshimu. Ukisema basi nipeni msimbo tu, yaani zile amri za kompyuta zilizogeuza majibu ya washiriki kuwa majedwali ya makala, unapewa jibu lilelile: taarifa nyeti za watu. Hapo ndipo ninapogoma. Faili la amri halina jina la mtu wala umri wake, na halijui nani alimkataa nani. Linachosema ni kwamba mtafiti alichukua safu ya tano, akawaondoa walioacha swali wazi, akagawa kwa idadi ya mikutano. Ni siri ya nani inayolindwa hapo, kama si ya mtafiti mwenyewe?

Ombi langu ni kwamba mtenganishe mambo mawili ambayo sasa yamefungwa pamoja. Msimbo utolewe wote, kila mara, bila kusubiri kuombwa. Data itolewe kwa ngazi, na ngazi hizo ziamuliwe kabla mshiriki wa kwanza hajajaza fomu.

Najua mtaniambia kwamba makala zenu tayari zina sentensi inayosema data inapatikana kwa atakayeiomba. Zinayo kweli. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Jelte Wicherts na wenzake walieleza walivyowaandikia waandishi wa makala 141 zilizotoka katika majarida ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, watu ambao walikuwa wametia saini kwamba watampa data mwenzao atakayetaka kuhakiki. Asilimia 73 hawakuitoa. Miaka 16 baadaye, mwaka 2022, watafiti wengine walifuatilia makala 1,792 za tiba na afya ambazo waandishi wake waliahidi kutoa data wakiombwa, wakakuta asilimia 93 ama hawakujibu, ama walikataa.

Sidhani kwamba watu hawa ni waongo. Nimewajua wengi wao. Mwanafunzi aliyeandika msimbo amehitimu na kuhamia kazi nyingine, kompyuta ya maabara imebadilishwa, na profesa mwenyewe hajui kama faili la mwisho ni lile lililoandikwa “mwisho” au lile lililoandikwa “mwisho kabisa”. Siku unapomwandikia, anachokiona mbele yake ni wiki nzima ya kufukua mafaili kwa faida ya mtu asiyemjua. Anaahirisha, kisha anaona haya kujibu akiwa amechelewa, na mwishowe hajibu kabisa. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, si yeye. Kazi hiyo ilipaswa kufanyika wakati makala inakubaliwa, msimbo ukiwa bado mbichi kichwani mwa aliyeuandika.

Niwakumbushe kisa cha mwaka 2015, kwa sababu kinahusu ndoa na kinaonyesha msimbo una kazi gani. Watafiti wawili walichapisha katika Journal of Health and Social Behavior makala kuhusu ugonjwa na talaka kwa watu wa makamo na wazee. Data yao haikuwa ya kufichwa. Ilitoka kwenye Health and Retirement Study, utafiti wa kitaifa wa Marekani ambao watafiti wengine nao huutumia. Makala ilisema kwamba mke akiugua, hatari ya ndoa kuvunjika kwa talaka inapanda, ila mume akiugua haipandi. Mnaweza kudhani wenyewe jinsi habari ile ilivyopokelewa na magazeti. Kisha watafiti wengine waliokuwa na data hiyohiyo wakajaribu kupata namba zile, wakashindwa. Talaka zilizotajwa kwenye makala zilikuwa nyingi mno.

Wakawaandikia waandishi, na waandishi wakafanya jambo la kiungwana: wakatuma msimbo. Ndani yake kosa likaonekana. Watu waliojitoa katikati ya utafiti, wale ambao hawakupatikana tena kujibu maswali, walikuwa wamehesabiwa kana kwamba wametalikiana. Makala iliondolewa, ikasahihishwa na kuchapishwa upya mwaka uleule. Kati ya magonjwa yaliyopimwa, uhusiano ule na talaka ulibaki kwa ugonjwa wa moyo wa mke tu.

Angalieni mpangilio wa mambo hapo. Data ilikuwa mikononi mwa watu wengi, na bado hakuna ambaye angeweza kuonyesha kosa lilipo kwa kuitazama data peke yake. Wahakiki wa jarida walisoma makala, na makala ilikuwa imeandikwa vizuri. Sehemu ya mbinu haikusema kwamba waliojitoa wamehesabiwa kama waliotalikiana, kwa sababu waandishi wenyewe hawakujua kwamba wamefanya hivyo. Sentensi za makala hueleza mtafiti alichokusudia. Amri za kompyuta hueleza alichokifanya. Mnapochapisha za kwanza na kuziacha za pili kwenye kompyuta ya mtu, msomaji anapewa nia badala ya kazi.

Sasa upande wa pili, maana nisingependa nihesabiwe miongoni mwa wale wanaosema kila kitu kiwekwe hadharani na potelea mbali. Wapo, na wamewahi kufanya madhara. Mwezi Mei 2016 watafiti kutoka Denmark waliweka kwenye hifadhi ya wazi data ya watu karibu 70,000 waliokuwa wakitafuta wenza kupitia OkCupid. Ndani yake kulikuwa na majina wanayotumia kwenye mtandao huo, umri, jinsia, mahali wanapoishi, na majibu yao kwa maswali ya ndani kabisa, ya chumbani yakiwemo. Hakuna aliyeombwa ridhaa. Utetezi wao ulikuwa kwamba taarifa zile zilishakuwa hadharani. Lakini mtu anayejieleza kwa matumaini ya kusomwa na mwenza mtarajiwa hajakubali kuwa mstari kwenye jedwali la watu 70,000 linaloweza kupekuliwa na mwajiri wake, shemeji yake au polisi. Katika nchi zaidi ya 60 mapenzi ya watu wa jinsia moja bado ni kosa la jinai, na swali la kwanza kabisa kwenye utafiti wa aina hii huwa mtu anatafuta mwenza wa jinsia gani. Data ile iliondolewa baada ya kampuni kulalamika kuhusu hakimiliki. Yaani kilichoiondoa ni haki ya kampuni juu ya maandishi, si haki ya watu juu ya maisha yao, na jambo hilo linanikera hadi leo.

Kisa hicho mnakijua, na nadhani ndicho kilichowafanya wengi wenu mfunge milango yote kwa kufuli moja. Ila hatari iliyo mahususi kwa tafiti za wenza haimo humo. Watu wengi wanaokaa kwenye kamati za maadili, kwa uzoefu wangu, hawajaiona, kwa sababu fomu zenu zimerithiwa kutoka kwenye tafiti za hospitali, ambako mgonjwa mmoja hana habari na majibu ya mgonjwa mwingine. Niruhusuni niieleze kwa mfano unaojulikana na walimu wengi wa takwimu.

Kati ya mwaka 2002 na 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Raymond Fisman na Sheena Iyengar wakiwa miongoni mwao, waliwakutanisha wanafunzi wa ngazi za juu katika mikutano ya dakika nne nne. Mtu anakaa na mwenzake, wanaongea, muda ukiisha anahamia kwa mwingine. Baada ya kila mkutano kila mmoja anaandika kama angependa kumwona yule tena, na anampa alama katika mambo sita: mvuto, ukweli wa moyo, akili, uchangamfu, hamu ya kufika mbali, na mambo wanayoyapenda kwa pamoja. Makala yao ilitoka mwaka 2006 katika Quarterly Journal of Economics. Data iko wazi kwa yeyote. Ina mistari 8,378, kila mstari ukiwa mkutano mmoja kwa jicho la mtu mmoja. Hakuna jina hata moja. Kuna umri, fani ya masomo, rangi, mahali mtu anakotoka, kazi anayotarajia, anatoka na wapenzi mara ngapi. Na kuna namba ya utambulisho ya aliyekaa mbele yake.

Hebu jiwekeni mahali pa mtu aliyeshiriki jioni moja kama hiyo. Anafungua faili. Anajua alikuwa na umri gani, alisoma nini, alitoka wapi, na anakumbuka kwamba alisema anataka kuwa mwanasheria. Kujipata hakumchukui muda mrefu. Akishajipata, kila mstari wake una namba ya mtu aliyeongea naye, na kwa namba hiyo anafika kwenye mistari ya mtu yule. Hapo anasoma alipewa alama ngapi za mvuto na msichana yule aliyecheka sana, ambaye yeye alidhani kwamba wameelewana. Anasoma pia jinsi msichana huyo alivyompa alama rafiki yake aliyekaa kiti kilichofuata, na kwamba rafiki alikubaliwa, yeye mwenyewe akakataliwa. Hahitaji jina. Alikaa naye meza moja, sura yake anaikumbuka.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwenye tafiti hizi kata ni washiriki wenyewe. Kufuta majina, au hata kufuta msimbo wa posta na tarehe ya kuzaliwa, kunamzuia mgeni. Mtafiti wa faragha ya data, Latanya Sweeney, alishaonyesha mwaka 2000, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta wa tarakimu tano vingeweza kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani, kwa hiyo kufuta hivyo ni lazima. Lakini hakumzuii aliyekuwemo chumbani. Siwalaumu waliotoa data ile ya Columbia. Walifanya hivyo wakati ambapo wengi hawakutoa chochote, na tumejifunza mengi kwayo. Ninachosema ni kwamba mtu anayekusanya data ya aina hiyo leo hawezi kujitetea kwa kusema hakujua.

Njia ya kwanza inayokuja kichwani ni kukata kiungo: jedwali moja la watu, jedwali jingine la mikutano, na kati yao pasiwe na namba ya kuwaunganisha. Inasaidia kwa maswali mengi. Unaweza bado kuuliza kama wanaotoka mara nyingi huwakubali wenzao wengi zaidi, ilimradi kigezo hicho kimeingizwa kwenye jedwali la mikutano kwa makundi mapana. Lakini linalopotea ni lile lililomfanya mtafiti awakutanishe watu tangu mwanzo, yaani kama aliyempenda mwenzake alipendwa naye, na kwa nini watu wawili fulani walielewana kuliko ungetarajia kwa kuwatazama kila mmoja peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa mahusiano Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel waliipa kompyuta zaidi ya vigezo 100 ambavyo washiriki walijieleza kabla ya kukutana, wakaona inaweza kukisia kwa kiasi fulani nani huvutiwa na watu kwa ujumla na nani huvutia watu kwa ujumla. Mvuto wa pekee kati ya wawili haikuweza kuukisia. Swali kama hilo haliulizwi kwa data iliyokatwa kiungo.

Ndiyo maana nasema ngazi. Hadharani kabisa, bila masharti, viwekwe msimbo, dodoso lote kama mshiriki alivyoliona, na mwongozo wa vigezo, yaani maelezo ya kila safu ya data ina nini. (Mwongozo nao usomwe kwa jicho kali. Mwaka 2008 ilitolewa data ya Facebook ya wanafunzi wa chuo ambacho hakikutajwa jina, na haikuchukua muda chuo kikatambulika, kwa sehemu kubwa kutokana na mwongozo wake wa vigezo.) Pamoja na hivyo iwekwe data bandia, yaani jedwali lenye safu zilezile na mtawanyiko unaofanana na ule wa kweli lakini lisilo na mtu yeyote ndani yake. Programu za bure za kutengeneza data ya namna hiyo zipo. Faida yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuendesha msimbo wenu tangu mwanzo hadi mwisho na kuona kama unafanya mnachosema unafanya. Iandikwe wazi juu ya faili kwamba matokeo yake si ya kunukuu, la sivyo kuna atakayeyanukuu.

Ngazi ya kati ni data iliyokatwa kiungo na kuunganishwa katika makundi mapana, kwa mtafiti aliyejitambulisha na kutia saini kwamba hatajaribu kumtambua mtu. Aulizwe pia kama yeye au mtu wake wa karibu alishiriki utafiti huo. Swali hilo sijawahi kuliona kwenye fomu yoyote ya maombi, na kwa data za wenza ndilo lingetangulia. Ngazi ya ndani ni data nzima yenye viungo, isiyotoka ilipo. Anayetaka kuitumia anaandika msimbo wake kwa kutumia data bandia, anautuma, mlinzi wa data anauendesha na kurudisha majedwali baada ya kuyakagua. Ni taratibu, ni usumbufu, lakini mtu anapata jibu, na msichana yule aliyecheka anabaki na siri yake.

Haya yote yanakufa mapema kama fomu ya ridhaa imeandikwa vibaya, na hapa nasema na kamati za maadili. Sentensi inayoniumiza kuliko zote ni hii: “Majibu yako hayataonwa na mtu yeyote nje ya timu ya utafiti, na yataharibiwa baada ya miaka mitano.” Imenakiliwa kutoka fomu hadi fomu kwa miaka mingi, mara nyingi na mtu ambaye hakufikiria maana yake. Ikishatiwa saini, mtafiti mwaminifu hana la kufanya tena. Ahadi ni ahadi, na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea akikataa kunipa data. Kwa hiyo ahadi yenyewe ndiyo ibadilike. Mshiriki aambiwe kwa lugha ya kawaida nini kitatolewa kwa wote, nini kitatolewa kwa watafiti waliotia saini, na nini hakitatoka. Aambiwe pia, bila kuzungushwa, kwamba wale atakaokutana nao wanaweza kumkumbuka, na kwamba hatua fulani zimechukuliwa ili wasijue alichokiandika. Aweze kukubali kushiriki na akakataa data yake kutumiwa na wengine. Kuna wanaoogopa kwamba washiriki watakimbia. Watu wanaokubali kupangiwa mpenzi na mtafiti hawatishwi na aya mbili za ukweli.

Nirudi kwenye msimbo, kwa sababu kuuweka mahali hakutoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliendesha mafaili zaidi ya 9,000 ya R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, yaliyowekwa kwenye hifadhi ya Harvard Dataverse. Asilimia 74 yalishindwa kumaliza kazi mara ya kwanza. Hata baada ya kuyasafisha, asilimia 56 yaliendelea kushindwa. Sababu nyingi za kushindwa kwa msimbo ni za kipuuzi ukizitazama moja moja: njia ya faili inayoanzia kwenye kompyuta ya mwandishi, kifurushi (programu ya nyongeza) ambacho hakikutajwa, toleo la programu lisilojulikana. Toleo si jambo la mapambo. Mwaka 2019 R ilipofika toleo la 3.6.0 ilibadilisha namna inavyochagua sampuli kwa bahati nasibu, kwa hiyo amri zilezile na namba ileile ya kuanzia hutoa sampuli tofauti na zamani. Mtu anayerudia uchambuzi wa zamani bila kuambiwa toleo anaweza kutuhumu watu wema.

Kuna pia maarifa yasiyoonekana ndani ya data yenyewe. Katika ile data ya Columbia, washiriki waliulizwa wanathamini nini kwa mwenza. Katika awamu nyingi waligawa pointi 100 kati ya zile sifa sita. Katika awamu ya 6 hadi ya 9 walipewa kipimo cha 1 hadi 10 kwa kila sifa. Safu ni ileile, jina lake ni lilelile. Anayechukua wastani wa safu nzima bila kujua hilo anapata namba, na namba hiyo haina maana yoyote. Mwongozo wa data ile unalisema jambo hilo, kwa hiyo anayesoma ameokoka. Fikirieni ni data ngapi zina awamu zilizobadilishwa kipimo na mtu pekee anayekumbuka ni msaidizi aliyekwisha ondoka. Msimbo uliotolewa ungeonyesha mstari unaobadilisha kipimo, hata kama mwongozo umesahau.

Vijana wananiambia wanaogopa kutoa msimbo kwa sababu ni mbaya kuutazama. Wangu pia si wa kupendeza, na msimbo wa watu wengi ninaowaheshimu ni vilevile. Hofu yao kubwa zaidi ni kuporwa, kwamba wametumia miaka mitatu kukusanya data na mwingine atachapisha kabla yao. Hofu hii ni ya haki, na dawa yake mnayo nyinyi: muda wa zuio unaoeleweka kwa data, yaani kipindi ambacho aliyeikusanya anaitumia kabla ya wengine, usiohusu msimbo wa makala iliyokwishatoka, na kuhesabu data iliyotolewa kama kazi halali mtu anapoombewa kupandishwa cheo. Hakuna anayepoteza kwa kutoa kama utoaji unahesabiwa. Mwaka 2020 ulitoka utafiti ulioongozwa na Samantha Joel uliounganisha seti 43 za data kutoka maabara 29, jozi 11,196 za wapenzi kwa jumla. Ulionyesha kwamba jinsi mtu anavyouona uhusiano wenyewe hueleza kuridhika kwake vizuri zaidi kuliko tabia zake binafsi, na zaidi sana kuliko tabia za mwenzake kama mwenzake alivyojieleza. Hakuna maabara moja ambayo ingeweza kusema hilo kwa uzito ule. Waliotoa data walikuwa miongoni mwa waandishi.

Wafadhili, kwenu nina neno fupi. Kutayarisha data na msimbo ni kazi ya mtu, na mtu hulipwa. Hifadhi yenyewe si gharama. Zenodo, inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, imekuwa ikipokea mafaili bure tangu mwaka 2013 na kuyapa namba ya kudumu ya kunukuliwa. Gharama iko kwenye wiki za kusafisha, kuandika mwongozo, kupima kama mshiriki anaweza kumpata mwenzake. Bajeti zenu zina kifungu cha safari za mikutano. Wekeni na hicho.

Wahariri, msikubali tena sentensi ya “kwa atakayeomba” kwa upande wa msimbo. Makala ikikubaliwa, msimbo uwe umeshawekwa, na mtu mmoja ofisini kwenu awe amejaribu kuuendesha kwenye kompyuta isiyo ya mwandishi. Kama data haiwezi kutoka, mwandishi aeleze ni ngazi ipi, kwa nini, na nani wa kuombwa. Anwani iwe ya ofisi badala ya mtu, kwa sababu watu huhama.

Wakurugenzi wa utafiti, ofisi hiyo ni yenu kuianzisha. Iwe na orodha ya data zote zinazohusu wenza zilizokusanywa chini ya jina la chuo, ikionyesha kila moja iko wapi, fomu yake ya ridhaa iliahidi nini, na nani anayeilinda sasa. Anzeni na zile ambazo mtafiti mkuu anastaafu mwaka huu, kwa sababu mafaili yake bado yapo na yeye mwenyewe bado anajibu simu.

Wenu katika kazi,

Mchambuzi wa takwimu